Marekebisho ya Titus

Exeter, New Hampshire
17 Februari 1788

Dada yangu Keziah,

Pokea salamu za mtu anayelala kitanda kimoja na wajumbe wawili, yeye akiwa wa katikati. Mimi mzima. Abiah nilimwacha mzima nyumbani Harrowfield, ila jino lake liling'oka alipokuwa akinigombeza, na sasa jino nalo nimesingiziwa mimi. Binti yetu Lois anakunywa siki kila asubuhi apate kukonda; nani kamwambia amenenepa, sijui. Titus yuko kiwandani anaziangalia ngozi zangu, kwa hiyo ziko salama kuliko nikiwepo. Huko Newburyport mnasemaje? Paa la marehemu shemeji bado linavuja?

Sasa cheka kidogo, maana mdogo wako amejifunga kamba kwa mikono yake mwenyewe.

Ninyi wa Massachusetts mmekwisha ikubali hii katiba mpya iliyoandikwa Philadelphia mwaka jana. Yakifika majimbo tisa kati ya kumi na matatu, inasimama, na sisi ndio tunatazamwa. Basi mwezi uliopita mji wetu ulikutana kanisani kuchagua mjumbe wa mkutano wa jimbo hapa Exeter. Nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya pombe ya matufaha. Abiah atakwambia vinne. Nikasimama nikasema katiba hiyo imekumbuka kila kitu isipokuwa sisi. Haisemi mtu ana haki ya kuabudu anavyoona, wala haimzuii askari kuja kulala kitandani mwako na buti zake. Shemasi Wadleigh akaniambia maneno hayo ni mazuri, niyaandike yawe maagizo ya mji kwa mjumbe. Nikaandika upesi, nikidhani mjumbe atakuwa yeye. Nanakili hapa, usije ukasema nazua:

"Mjumbe wetu asiikubali katiba yoyote ambayo haikuandika haki za watu neno kwa neno, kwa kuwa ahadi isiyoandikwa, aliyeitoa anaweza kuikana kesho."

Wakapiga makofi. Kisha Shemasi akatazama theluji dirishani, akasema aliyeandika vizuri namna hii ndiye anayefaa kusafiri. Mikono ikainuka yote. Wa kwangu nao ulikuwa juu kabla sijaelewa.

Shida ni hii. Nimekaa hapa siku nne nikisikiliza, na nimeanza kushawishika. Wanasema tuikubali kama mlivyoikubali ninyi, na papo hapo tutoe orodha ya marekebisho tunayoyataka. Bila hivyo majimbo haya yatasambaratika, kila moja na kodi zake na ugomvi wake. Nadhani wanasema kweli. Lakini nikisema ndiyo nawasaliti watu wa Harrowfield, na nikisema hapana naisaliti akili yangu, ambayo unajua si nyingi. Usiku nageuka huku na huku, na wenzangu wawili wanageuka pamoja nami wakilaani.

Baridi imeuamsha mguu wangu wa kulia, ule wa tangu vita.

Nishauri.
Mdogo wako,
Ozias Pettengill

*

Newburyport, Massachusetts
5 Machi 1788

Ozias,

Tu wazima. Paa linavuja palepale. Mwambie Lois siki haikondeshi, inachachua tabia tu, na kwenye ukoo wetu hiyo ipo ya kutosha.

Nimesikia hamkupiga kura. Wafanyabiashara hapa wamekasirika mno, wanasema wajumbe wa New Hampshire wameahirisha mkutano hadi Juni kwa sababu nusu yenu mmefungwa midomo na maagizo ya miji yenu. Nikasema mmoja namjua, kajifunga mwenyewe. Nikawasomea maneno yako. Wakacheka.

Dinah hakucheka. Alikuwa anakanda unga. Akaniomba niyasome tena, pale pa "ahadi isiyoandikwa", kisha akaendelea kukanda.

Mdogo wangu, nitasema mara moja. Mwaka wa sabini na saba ulipoitwa jeshini kupigana na Waingereza, mguu wako ukauma. Baba akampeleka Titus, mtumwa wake, badala yako, na mezani pale, mimi na wewe tukisikia, akamwambia: "Ukirudi hai, wewe ni mtu huru." Alikaa vitani miaka mitatu. Alirudi hai, bila vidole vitatu vya mguu. Baba akafa kabla ya kuandika chochote, wewe ukarithi kiwanda na nyumba, na Titus bado anakwangua ngozi zako. Mkewe, Dinah, anafanya kazi jikoni kwangu. Wanaonana mara mbili kwa mwaka, anapoleta mzigo wa ngozi bandarini. Anataka kuhamia huku aishi na mkewe. Hilo linahitaji karatasi moja yenye jina lako chini.

Ulitaka ushauri. Andika hiyo kwanza, ya taifa itafuata.

Na ni mguu upi huo?

Dada yako,
Keziah

*

Harrowfield
30 Machi 1788

Dada Keziah,

Hapa ni msimu wa kugema miti ya sukari na kuchemsha utomvu wake. Nyumba nzima inanata. Juzi nilishika mlango ukanishika. Abiah anakusalimu kwa jino moja pungufu. Lois ameacha siki, sasa anatembea na kitabu kichwani.

Habari kubwa: mji umenifungua! Tulikutana kanisani tarehe kumi na moja. Nilisimama nikawaeleza yote niliyoyasikia Exeter, kwamba maagizo waliyonipa ni mazuri lakini yananifanya niwe barua na si mjumbe. Mzee mmoja wa nyuma akasema barua ingekula kidogo kuliko mimi kule kwenye nyumba ya wageni. Walibishana hadi mishumaa ikaletwa. Mwisho Shemasi Wadleigh akasimama. "Tumwachie atumie kichwa chake," akasema, "na tumwombee akipate." Ikapita kwa tofauti ya kura sita. Kwa hiyo Juni nitakwenda Concord nikiwa huru kabisa. Hujui ni mzigo gani umenitoka.

Kuhusu lile jambo jingine. Titus anajua yuko huru. Nani anamzuia? Anakula mezani kwetu, ana chumba chake, kila mtu Harrowfield anamwita kwa heshima. Ukimpa karatasi leo ni kama unamwambia jana hakuwa. Ni jambo la kulifikiria taratibu.

Juzi nilikuwa nawasomea katiba kiwandani, tukiwa tunakwangua. Nilifika pale wanapohesabu watu wa kila jimbo: watu huru wote kamili, kisha watu wengine wote, maana yake watumwa, watatu kwa kila watano. Titus akasimamisha kisu.

"Bwana mjumbe," akasema, "mimi niko kwenye watu, au kwenye watu wengine?"

Nikamjibu kwamba, kwamba. Kisha mbwa wa jirani aliingia akaiba kipande cha ngozi, tukamkimbiza, na mimi nilikimbia kuliko wote. Ni ajabu, maana siku hizo mguu wa kushoto ulikuwa unanisumbua sana.

Wako,
Ozias

*

Newburyport
22 Aprili 1788

Ozias,

Mimi nina mafua. Dinah ana kikohozi lakini hataki kulala. Zaidi ya hapo sina habari za nyumbani, na hizi nilizo nazo si nzuri.

Baraza la jimbo letu limepitisha sheria mwezi uliopita. Nimeisoma kwenye gazeti mara tatu nione kama nimekosea. Mtu mweusi yeyote hawezi kukaa Massachusetts zaidi ya miezi miwili, isipokuwa awe raia wa mfalme wa Moroko, au awe na hati ya katibu wa jimbo lake kuthibitisha kwamba ni raia wa mojawapo ya majimbo haya. Asiye nayo ataonywa aondoke. Asipoondoka anapelekwa nyumba ya kazi za lazima na kuchapwa viboko. Mfalme wa Moroko, Ozias! Ukifika hapa kutoka Marakeshi unakaa raha mustarehe. Ukitoka Harrowfield, ukiwa umepigana miaka mitatu kuitengeneza nchi, unachapwa.

Dinah mwenyewe yuko salama, amezaliwa hapa na mtaa mzima unajua. Titus ndiye asiye na kitu. Kabla ya sheria hii karatasi yako peke yake ingetosha, angekuja akakaa na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Sasa ataulizwa, na katibu wenu hatampa hati ya uraia mtu ambaye hakuna popote palipoandikwa kwamba yuko huru.

Unasema nani anamzuia. Wewe. Kwa kutofanya chochote, jambo unaloliweza vizuri kuliko watu wote ninaowajua.

Umeniandikia mara mbili. Barua ya kwanza mguu wa kulia, ya pili wa kushoto. Mwaka wa sabini na saba niliufunga kitambaa wa kushoto. Chagua mmoja.

Keziah

*

Harrowfield
25 Mei 1788

Dada mpendwa,

Haraka haraka tu. Magome ya mwaloni ya kutengenezea ngozi yameletwa, nina mashimo sita ya kujaza. Nyuki wamehama mzinga wakaingia kwenye bomba la moshi la kanisa, na Shemasi anasema ni ishara lakini hasemi ya nini. Carolina Kusini nayo huenda imekwisha kubali. Wanasema itakuwa ya nane. Maana yake ya tisa tunaweza kuwa sisi, na macho yote yako kwetu, na mimi siwezi kumaliza hata uji wangu asubuhi kwa wasiwasi.

Barua yako niliipata ikiwa imelowa mvua. Ukurasa wa pili haukusomeka.

Ozias

*

Newburyport
8 Juni 1788

Ozias,

Nilikuandikia ukurasa mmoja.

Ila nimekaa nikafikiri, na kuna jambo nami nimekuwa nikilikwepa. Ni rahisi kukusema wewe. Kitambaa kile nani alikifunga? Ulikuja ghalani, kijana wa miaka thelathini na mbili, ukasema hutaki kufa. Nami sikutaka ufe. Nilikichovya kitambaa kwenye damu ya kuku nikakufunga, nikaenda kumwambia Baba kwamba umejikata na shoka. Titus alikuwa anatoa samadi upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nina hakika alisikia. Miaka kumi na moja hajasema neno kwangu wala kwako, na mara mbili kwa mwaka nampa supu jikoni kwangu na kumuuliza hali ya vidole vyake.

Basi tuko wawili. Lakini mimi ni mwanamke na sikurithi kiwanda, jina langu chini ya karatasi hiyo halina nguvu. Lako linayo.

Keziah

*

Concord
21 Juni 1788, alasiri

Dada Keziah,

Sina habari za nyumbani, nimetoka siku nne.

Imepita. Hamsini na saba kwa arobaini na saba. Jina langu lilipoitwa nilisema ndiyo kwa sauti ambayo jirani yangu alidhani ni mlango unalia. Sisi ni wa tisa, na wanasema sasa ni serikali kweli. Tumeambatanisha marekebisho kumi na mawili tunayoyataka: askari wasilazwe majumbani kwa watu, dhamiri ya mtu isiguswe na sheria, na mengine. Yatakubaliwa? Tumekubali kwanza, tukaomba baadaye. Kengele zinapigwa nje na watu wanakumbatiana, na mimi nimekaa na barua yako ya tarehe nane, ambayo haikulowa.

Nilipokuwa nasubiri zamu yangu ya kura sikuwaza Philadelphia wala Harrowfield. Nilikuwa nausikia ule ukuta wa mbao.

Nimeandika. Nimeomba wajumbe wawili, wale wale wa kitandani, wawe mashahidi. Nanakili: "Mimi, Ozias Pettengill, mtengeneza ngozi, kwa hisani na kwa kukumbuka utumishi wake mwema, leo nampa Titus uhuru wake." Mmoja akasema ni maneno ya kiungwana.

Nampelekea mwenyewe kesho. Najihisi mwepesi.

Ozias

*

Exeter
9 Julai 1788

Dada yangu Keziah,

Niko kwenye nyumba ya wageni ile ile, safari hii kitanda ni cha wawili tu. Abiah mzima, Lois amechumbiwa na kijana anayependa wanene, nyuki bado wako kanisani.

Ile karatasi ya Concord haikufaa. Ngoja nikueleze.

Nilifika nyumbani nikamkuta Titus kwenye shimo la tatu, mikono imepakaa magome hadi kwenye viwiko. Nikampa. Akanawa, akajipangusa, akanirudishia akasema niisome. Nikasoma kwa sauti ya mkutanoni. 

"Nzuri," akasema. "Ina tatizo moja."

Nikauliza tatizo gani.

"Inasema unanipa leo. Mimi nilishapewa hilo neno na mzee mwaka wa sabini na saba, na nikalilipia mwenyewe kule kwenye theluji. Huwezi kunipa kitu changu, Bwana Ozias. Hata ukinipa kwa hisani."

Nikaanza kumweleza kwamba wino umekauka, mashahidi wamerudi makwao, kwamba aichukue tu, tutaitengeneza baadaye polepole. Nilisikia maneno yangu yakitoka, Dada, na niliyatambua. Titus naye aliyatambua. Akacheka, na sijawahi kumsikia akicheka vile.

"Ninyi mmeomba marekebisho kumi na mawili," akasema. "Mimi nataka moja. Na tofauti ni kwamba mimi sikubali kwanza nikasubiri."

Akarudi shimoni. Akakaa siku nne bila kuigusa karatasi. Karatasi imelala kwenye benchi, yeye anakwangua. Najua anamtaka Dinah kuliko mtu anavyotaka maji, na katika siku hizo nne hakutetereka hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka uwanjani kama kuku aliyemwagiwa maji. Kwa sababu nilijua nikiandika mwaka wa sabini na saba, lazima niandike alikwenda badala ya nani, na kwa nini.

Siku ya tano nilikwenda kwa karani wa mji nikaandika upya, mbele ya Shemasi Wadleigh. Nimeacha nakala kwenye kitabu cha mji, ukurasa unaofuata yale maagizo yangu maarufu, kwa hiyo wajukuu wetu watayasoma yote mawili kwa pamoja na kupata picha kamili ya babu yao. Inasema hivi:

"Titus wa Harrowfield ni mtu huru, na amekuwa huru tangu mwezi Julai mwaka wa 1777, alipokwenda vitani badala yangu kwa ahadi ya baba yangu, ambayo mimi niliisikia na sikuiandika. Nilisema mguu wangu umeumia. Mguu wangu haukuwa na kitu."

Shemasi alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akasoma tena. Nilidhani atanikemea. Akaniuliza kwa upole kama nimeandika mwenyewe, nikasema ndiyo. "Basi tumekwisha pata kichwa chako," akasema.

Farasi amezaa wiki hii, kwa hiyo tulikuja Exeter kwa miguu, mimi na Titus, maili thelathini kwa siku mbili. Yeye anachechemea lakini hachoki. Mimi sichechemei na nilichoka kabla ya daraja la kwanza. Njiani tulizungumza mambo mengi ya ngozi. Tulipofika kwenye kilima cha mwisho nilimuuliza kama kweli alisikia siku ile ghalani. 

"Nilisikia," akasema. "Nilifikiri, huyu atakuja kusema mwenyewe. Sikujua ni mvivu kiasi hicho."

Katika ofisi ya jimbo karani aliisoma karatasi kwa sauti, kama wanavyofanya, na watu wapatao kumi walikuwa wamejipanga nyuma yetu. Alipofika kwenye mguu wakacheka wote. Nami nilicheka, kwa kuchelewa kidogo. Titus hakucheka. Alisimama wima akiutazama muhuri ukishuka, na ulipoinuliwa aliinama akapuliza wino yeye mwenyewe, taratibu.

Sasa anayo hati: raia wa New Hampshire. Hao watu wa Newburyport wakimuuliza, awaonyeshe hiyo, na kama haiwatoshi waambie waniandikie, nina mazoea.

Barua hii anakuletea Titus mkononi mwake. Usiipokee mlangoni, mpishe kwanza aende jikoni.

Mimi nalala hapa leo, kesho narudi peke yangu. Mguu unaniuma, Dada. Wa kulia na wa kushoto. Safari hii usinifunge kitambaa.

Mdogo wako,
Ozias